Maji yaliyotulia nilimchagulia mimi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Dar es Salaam. Wiki mbili zilizopita aliandika humu kwamba tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma, fukwe za kwao zimejaa watu wa bara "wasiojua chumvi", kwamba mkondo wa bahari humvuta mtu chini, na kwamba tukizama tunazama kwa ushamba wetu. Barua yake niliisoma nikiwa kwa kinyozi hapa Chang'ombe ya Dodoma. Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine. Mimi sikucheka.

Nianze kwa kumwambia kwamba neno kuzama hatuhitaji kufundishwa. Mji wetu umelibeba kwenye jina. Wazee wa Kigogo husimulia habari za tembo aliyeshuka kijitoni kunywa maji, tope likamshika, akawa anadidimia huku watu wanamtazama, wakasema idodomya, yaani amezama. Ukitamka Dodoma umeshamtaja yule tembo. Lakini kwa upande wa maji ya chumvi namkubalia mwandishi yule nusu ya maneno yake. Ushamba ninao, tena nusura unipotezee mjukuu. Nusu ninayoikataa nitaifikia.

Mimi ni fundi bomba mstaafu. Miaka 34 nimefunga mabomba ya watu: Area C, Kikuyu, Nzuguni, Kisasa, na miaka ya mwisho Mtumba, serikali ilipohamia huko. Maji nayajua yakiwa ndani ya kitu: bomba, tangi, kisima, chemba. Bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu maishani, zote kwa mbali, mojawapo nikiwa nimempeleka mgonjwa Ocean Road. Nilisimama nje pale, nikaitazama, nikasema hii ni kubwa, nikarudi wodini.

Agosti mwaka jana binti yangu anayeishi Kigamboni alinitumia nauli. Nikaondoka na mjukuu wangu, mtoto wa kaka yake, wa darasa la sita. Enzi zetu safari ya Dar ilikula siku nzima, unashuka miguu imevimba. Safari hii tulipanda treni asubuhi, mchana tukavuka kwa pantoni, na jua halijapinda tulikuwa tunakula wali kwa shangazi yake. Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, tukaenda ufukweni. Mahali penyewe ni pa kulipia, sitapataja. Getini pana bango la bei ya soda, bei ya kiti, bei ya mwavuli, na onyo kwamba chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Kuhusu maji hapakuwa na neno hata moja.

Bahari ilikuwa na kelele siku hiyo, kusi inavuma. Mawimbi yalikuja kwa mistari, yanainuka, yanapinda shingo, yanaanguka meupe. Watoto wa mjini walikuwa wanayarukia humo humo kwenye povu, wanapigwa, wanaanguka, wanacheka. Mjukuu wangu akataka kuwafuata. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikatembea pale mchangani kama ninavyotembea kwenye nyumba ya mteja nikitafuta bomba linalovuja, natafuta mahali salama. Nikapapata. Kati ya povu la kushoto na povu la kulia palikuwa na uchochoro wa maji usio na wimbi kabisa, upana wake kama barabara ya kupishana magari mawili. Maji yake yalikuwa meusimeusi kidogo, yana mchanga ndani, yametulia kama Bwawa la Hombolo alfajiri. Nikamwambia, "Ingia hapa, hapa hapana fujo." Hakuna aliyenishauri. Maneno hayo ni yangu.

Aliingia hadi magotini, hadi kiunoni. Kuogelea anajua, amejifunzia Hombolo na wenzake bila ruhusa ya mtu mzima yeyote. Nikainama kukunja suruali ili nami niloweshe miguu. Nilipoinuka, kichwa chake kilikuwa mbali kuliko nilivyokiacha. Hakupiga kelele. Alikuwa anaogelea kuja kwangu, uso umenielekea, mikono inafanya kazi, na kila nikimtazama amezidi kwenda. Usiku mwingine bado namwona hivyo, anakuja huku anakwenda.

Sauti niliyopiga sijui ilitoka wapi. Kijana mmoja aliyekuwa anauza madafu alitupa panga mchangani akakimbia. Nilidhani atatafuta njia nyingine, lakini aliingia palepale kwenye ule uchochoro, akajilaza, maji yakambeba kama mtu aliyepanda daladala. Huku anakwenda anapiga kelele: "Dogo, usishindane nayo! Lala chali! Lala chali!" Alipomfikia hakumrudisha moja kwa moja kama nilivyokuwa naomba kimoyomoyo. Waliogelea kwenda pembeni, sambamba na ufuko, kuelekea povu la kulia, lile lile nililomkataza mtoto. Walipoingia kwenye povu mawimbi yakawapokea, yakawasukuma, yakawatupa nchi kavu kama magunia. Mtoto akatapika, akalia, akaomba soda. Yote hayo hayakuzidi dakika sita. Yule kijana nilimpa noti ya elfu kumi akaikataa, akasema ninunue madafu. Nikanunua mawili. Aliniambia ameshawatoa wengi pale: wa Mbagala, wa Tabata, na Mzungu mmoja aliyekuwa na kifua kama mlango. Mwandishi wa barua ile ayahesabu majina hayo ya mitaa, halafu aniambie ni bara ya wapi.

Kando ya ngalawa moja palikuwa na mzee anashona nyavu. Alikuwa ameona yote. Nilipompita akaniambia kwa upole, "Bwana mkubwa, mtoto umempeleka mlangoni."

"Mlango gani, mzee mwenzangu?"

"Pale ndipo bahari inapotokea. Haya maji yote yanayoingia tangu asubuhi, ulidhani yanalala hapa?"

Mhariri, niliona aibu ambayo fundi tu ndiye anaweza kuielewa. Kila tangi nililofunga maishani mwangu nimeliwekea bomba la kufurikia, lile tunaloliita ovaflo, kwa sababu maji yanayoingia lazima yapate pa kutokea. Hakuna mteja aliyewahi kunifundisha hilo. Halafu nikasimama mbele ya tangi kubwa kuliko yote, nikaona mahali pamoja pasipo na vurugu, na nikamweka mjukuu wangu kwenye ovaflo.

Yule mzee alinichorea mchangani kwa kijiti. Niliporudi nyumbani nimemsumbua jirani yangu mwalimu wa jiografia kwa miezi kadhaa, na mzee mwenyewe nimempigia simu zaidi ya mara tatu. Nitaeleza nilichoelewa, kwa lugha ya fundi, maana nina hakika kuna wasomaji wako wa Singida, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa ambao watapanda treni au basi Desemba hii wakiwa na watoto.

Wimbi likiwa mbali baharini, maji hayasafiri nalo. Mkulima wa Bahi ataelewa upesi. Upepo ukipita juu ya shamba la uwele unaona mgongo unakimbia kutoka mpaka huu hadi ule, lakini hakuna shina lililohama. Maji ya kilindini nayo huzunguka palepale yalipo, wimbi likapita na safari yake. Likikaribia nchi, kina kinapungua. Kinapofika nusu ya umbali ulioko kati ya mgongo wa wimbi moja na mgongo wa linalofuata, wimbi linaanza kuisikia ardhi chini yake. Linapunguza mwendo. Lile la nyuma bado lina kasi yake, linalisogelea. Mistari inabanana, na nguvu iliyokuwa imetandazwa sasa inakosa pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo sababu wimbi ambalo mvuvi kule nje alilipita bila hata kulisikia, huku ufukweni linasimama kama ukuta.

Lina kikomo chake. Linavunjika pale kina cha maji kinapobaki kimezidi kidogo tu kimo chake. Wimbi la mita 1 huvunjika kwenye maji ya mita 1 na robo, au karibu na hapo. Hesabu hii niliipenda kuliko zote kwa sababu ni rula ya bure. Ukiona wimbi la kimo cha kiuno linavunjika mahali, ujue hapo mtu mzima anasimama akiwa na kichwa na mabega nje. Na ukiona mahali katikati ya mistari ya povu pasipovunjika wimbi, ujue hapo kina ni kirefu zaidi, pamechimbwa. Nani alipachimba? Maji yale yale yanayotoka.

Wimbi likishavunjika, habari ya uwele inakwisha. Sasa maji yenyewe ndiyo yanayosafiri, na yanasafiri kuja kwetu. Mbele ya fukwe nyingi mchanga hujikusanya chini ya maji ukawa kama tuta refu. Wavuvi wanaliita fungu. Kila wimbi linamwaga maji yake upande wa ndani wa fungu, kisha jingine, kisha jingine, kila baada ya sekunde chache. Upande wa ndani maji yanapanda kidogo kuliko nje. Huo tayari ni msukumo, na msukumo hauhitaji tofauti kubwa. Mimi nimeona tofauti ya nusu mita ikisukuma maji kwenye bomba la inchi nne. Maji hayo yanaambaa kwanza na ufuko. Aliyewahi kutoka majini akakuta kanga na viatu vyake vimekuwa mbali upande wa kushoto, hakuibiwa, alibebwa yeye. Yanaambaa hivyo mpaka yapate pengo kwenye fungu, au mlango kwenye mwamba kama ni pwani ya miamba. Hapo yanageuka, yanabanana, yanatoka kwa kasi.

Kasi yenyewe mara nyingi ni ya mtu anayetembea polepole, lakini siku mbaya inafika mita 2 kwa sekunde na kuzidi. Bingwa wa dunia wa kuogelea anapita kasi hiyo kidogo tu, tena kwa mita 50, kwenye bwawa lililotulia. Mtoto wa darasa la sita aliyejifunzia Hombolo ataiweza wapi? Anayeshindana nayo anachoka, na kinachomuua ni kuchoka. Mkondo wenyewe haumvuti mtu chini, kinyume na alivyoandika msomaji yule. Unampeleka nje, unapita mahali mawimbi yanapovunjika, na mbele ya hapo unalegea wenyewe kwa kuwa hauna tena kinachousukuma. Kwa hiyo yale maneno ya kijana wa madafu yalikuwa na kila kitu ndani yake: lala chali, upate pumzi, inua mkono uonekane, kisha ondoka kwa kwenda pembeni, na urudi nchi kavu kupitia kwenye povu. Penye kelele ndipo pa kurudia.

Hilo la mwisho bado linanisumbua. Maisha yangu yote nimefunzwa kwamba kwenye maji tafuta palipotulia. Korongo likishuka na mafuriko hapa kwetu, ukisubiri patulie ndipo uvuke, umenusurika. Ufukweni akili hiyo hiyo ni mtego.

Povu nalo lina adabu zake, sitaki mtu akaseme fundi wa Chang'ombe ametuambia povu ni mkeka. Ufuko ukiwa mlalo, unaoteremka taratibu, wimbi linamwagika pole pole kuanzia mbali na linafika kwako limeshachoka. Ufuko ukiwa mkali, wimbi halipati muda wa kumwagika. Linajikunja na kuanguka lote kwa mpigo kwenye maji ya magotini, na hapo watu wamevunjika shingo. Pia mawimbi huja kwa makundi, madogo kadhaa halafu makubwa mawili matatu mfululizo. Mzee wa nyavu alisema mtoto asiipe bahari mgongo hata akiwa anatoka. Basi, hilo limetosha.

Nirudi kwenye fungu, kwa sababu hapo nilipata jambo ambalo sikulitegemea. Nilimwuliza mzee, kwenye simu, kama nikija tena Desemba nitaukuta ule mlango palepale. Akacheka. Akasema mlango wa Agosti si wa Desemba. Kaskazi ikivuma mchanga unahamishwa, pengo linazibwa, linafunguka jingine. Nikamwuliza mchanga wenyewe unatoka wapi. Akanijibu, "Si huko kwenu?"

Nilidhani ni utani wa mtu wa pwani. Mwalimu jirani yangu akaleta ramani. Bwawa la Hombolo limejengwa kwenye Kinyasungwe Ndogo. Maji ya Kinyasungwe yanakutana na Mkondoa, yanakuwa Wami, na Wami inaingia baharini kule Saadani. Mvua ikinyesha Dodoma, mmomonyoko wa haya majabali yetu tunayoyaona kila siku unaanza safari. Mwingi unabaki njiani, mwingi Hombolo penyewe, bwawa limeshajaa tope la kutosha. Lakini mito ndiyo inayoulisha ufuko, na mawimbi ndiyo yanayougawa mchanga huo kushoto na kulia. Mto ukinyimwa mchanga, ufuko unakula mwili wake. Kunduchi bahari imekuwa ikimega nchi kwa miaka mingi, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito ya jirani umetajwa na wataalamu kuwa mojawapo ya sababu. Mimi ni mtu wa ujenzi. Malori ya mchanga niliyoyapokea sihesabu. Kwa hiyo yule bwana akisema bahari ni ya kwao, nampa, lakini chini ya miguu yake asikute punje ya kwetu.

Sasa nusu ninayoikataa. Anasema tunakuja bila kujua. Ni kweli. Na tungejulia wapi? Yeye alifundishwa na babu yake, kwa makofi pengine, kama mimi nilivyofundishwa kutovuka korongo. Elimu hiyo haipandi treni. Ule ufuko ulinitoza kiingilio, ulikuwa na ubao na rangi na mtu wa kuandika, na ukaona kitu cha kunionya ni chapati za nyumbani. Bango la maji lingehitaji maneno machache tu: usiingie pasipo na povu, ukibebwa usishindane, nenda pembeni, siku bendera nyekundu imesimama, usiingie kabisa. Na kwa kuwa mlango unahama, awepo mtu anayeuona kila asubuhi, aichomeke hiyo bendera. Wavuvi wanauona bila kulipwa. Kijana wa madafu anauona.

Wakubwa wanaotunga kanuni za nchi hii siku hizi wako hapa kwetu, kilomita kama 450 kwa barabara kutoka Dar na zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Mabomba ya baadhi ya ofisi zao nimeyafunga kwa mikono yangu. Hata wizara ya uvuvi iko Mtumba. Kama kanuni za pwani zinaweza kuandikwa Mtumba, na bango la ufukweni linaweza kuamriwa kutoka Mtumba.

Na wewe Mhariri una sehemu yako, usijifiche nyuma yao. Kila siku unachapa msimamo wa ligi, bei ya dola, na namba za bahati nasibu. Ijumaa moja moja tuchapishie saa za maji kujaa na kupwa kwa Dar, Tanga na Unguja kwa siku mbili zinazofuata. Ni mistari sita. Hapa bara hatujui hata kwamba saa hizo zinahama, kila siku zinachelewa kwa karibu dakika 50. Hatujui kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 pale Dar, na katikati yake kuna maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu. Siku ya bamvua maji yakianza kupwa, yote yaliyoingia juu ya mwamba yanatafuta milango kwa wakati mmoja. Mtu aliyeweka mkeka kwenye ufuko mpole, baada ya saa tatu anaweza kuwa kwenye ufuko mwingine kabisa bila kusogeza mkeka.

Kuna jambo la Mamlaka ya Hali ya Hewa pia. Kwenye utabiri wa jioni wanatangaza mawimbi ya Bahari ya Hindi, na wanafanya kazi nzuri. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia hata sisi tulikaa kimya mbele ya televisheni. Siku za kawaida, hapa Dodoma, kipande cha bahari ndicho cha kwenda kuteka maji ya kuoga. Mimi siku hizi nakaa. Wanasema, kwa mfano, mawimbi ya mita 2. Nilikuwa nadhani maana yake hakuna linalozidi 2. Mwalimu akanieleza kwamba namba hiyo ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa, kwa hiyo ndani ya siku hiyo hiyo lipo moja moja linalokaribia kufika mita 4. Nimekuwa fundi miaka yote hiyo, nikiandikiwa presha ya bomba ni kadhaa naelewa kuna kilele chake, bomba linapogonga usiku nalijua. Kwa nini mwandishi wako asituandikie hivyo mara moja, kwa maneno mepesi, kando ya picha ya mtangazaji?

Binti yangu anasema niache kuandika barua, tumshukuru Mungu na tuendelee. Nimeshashukuru. Ila mkwe wangu mmoja wa Kongwa amenipigia juzi, kwaya yao ina watu 42 na wana safari ya Kigamboni baada ya Krismasi, akaniuliza mahali gani pazuri pa kuogelea kwa wasiojua. Nikaanza kumweleza habari za fungu na mlango, simu ikakatika, salio. Nikaona heri niandike.

Mjukuu hajaiogopa bahari, anaogopa tu kukaa karibu yangu nikiitazama. Wiki iliyopita tulikuwa tunasubiri mpira, likapita tangazo la hoteli moja ya kitalii, picha imepigwa kutoka juu: mchanga mweupe, mistari ya povu, na katikati familia nzima inaoga kwenye maji ya bluu iliyokolea, yametulia tuli. Alinisukuma kwa kiwiko.

"Babu, ona. Wamechagua palepale."

Fundi bomba mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma